Riziki na faili lililogoma

Leo nimefundishwa kazi na mgeni wa wiki moja.

Orodha ya wakulima wa Busunzu ilitakiwa itumwe kabla ya saa kumi, la sivyo wangekosa mbegu.

Faili lake la XML lilikuwa zito, kila taarifa imezungushiwa tagi, yaani alama moja ya kufungua na nyingine ya kufunga. Kompyuta yetu hapa Kibondo ikagoma kulituma.

Nikatamba: "Tulipunguze! Kila kitu kiwe sifa, maelezo mafupi yanayoandikwa ndani ya tagi moja!"

Riziki, yule mgeni aliyetoka Kasulu, akacheka. "Kaka, mwenye shamba la mlimani na la bondeni je? Sifa hairudiwi kwenye tagi moja. Umeshamnyang'anya shamba moja."

Jina na kijiji akavifanya sifa. Mashamba akayaachia tagi zake.

Saa tisa na nusu faili likaenda, mashamba yote ndani.

Nimempisha kwenye kiti changu. Nyie mngempisha?