Raba Kwenye Springi

Tulikuwa tukimpeleka dada yangu, aliyekaribia kujifungua, kutoka Nyamisati kwenda hospitali Kibiti. Kila tulipopita kwenye shimo, upande wa kushoto mbele uligonga, na nilipokanyaga breki pua ya gari ilizama.

“Shemeji, digrii yako ya uhandisi inakusumbua,” mumewe alicheka. “Juzi nimeweka raba kwenye springi. Huoni gari lilivyonyanyuka?”

Hilo ndilo lililonitisha. Raba hunyanyua gari, lakini hazifufui shokapu iliyochoka, ile inayozuia gari lisinesenese. Nilisimama, nikakandamiza boneti, nikaiachia. Gari lilinesa, likanesa tena, halikutulia. Shokapu ilikuwa imelowa oili.

Gari kama hilo lingeweza kunishinda kwenye breki ya ghafla, nikamshusha dada. Tulisubiri gari jingine, na sasa nikaogopa kwamba uchungu ungemkuta pale barabarani kwa sababu yangu.