Wasaka Redio na Karanga Zangu

Hivi umewahi kumwona mtu mzima, soksi zimefika magotini, ameshika kitanzi cha waya anazunguka nacho porini kama kuku anayetafuta pa kutagia? Mimi nimewaona! Tena siyo mmoja, kundi zima.

Enzi za Mwingereza hizo. Nilikuwa mke mgeni, tunakaa upande wa Ipole, shamba letu limepakana na ile njia ya zamani ya misafara. Wazungu wa mjini Tabora walikuwa na mchezo wao wa Jumapili. Mmoja anatangulia na gari, anaficha porini sanduku la redio. Lile sanduku linatoa mlio, ila wewe na mimi hatuusikii, mpaka uvae vile vikombe vyao vya masikioni. Wenzake wanakuja nyuma na vitanzi. Ukikizungusha kitanzi, mlio unapanda, unashuka, ndiyo unajua sanduku liko upande gani. Basi wanafuata hukohuko, moja kwa moja.

Na katikati ya hiyo moja kwa moja kulikuwa na karanga zangu.

Mbegu alinipa mama yangu siku naolewa, sikuwa na nyingine. Zimeanza kutoa maua, wamepita juu yake na mabuti, nusu ya shamba imelala. Nikamkimbilia mkubwa wao.

"Shikamoo, bwana. Mbona mnanikanyagia karanga?"

Hata marahaba hakuitikia. "Mama, toka njia. Hii mchezo tu. Karanga taota tena."

Wenzake wakacheka. Taota tena! Nilirudi nyumbani nikasimulia yote.

Mume wangu akasema, "Waache, mke wangu, hao ndio serikali."

"Serikali inakula karanga kwa miguu?"

Akachukua jembe lake, akatoka. Mimi nilikuwa nimeona kitu. Lile sanduku lina waya mrefu wa kurushwa mtini, umefungwa jiwe nchani. Anayefika wa kwanza anaukamata huo waya, anauvuta kwa nguvu mpaka chini, wenzake wanampigia makofi. Ndiyo ushindi wao. Nikasema moyoni, kumbe mnapenda kuvuta? Mtavuta.

Jumapili nyingine yule mfichaji kaja, kaweka sanduku nyuma ya kichuguu, ng'ambo ya shamba langu, kaenda kulala garini. Lisipohamishwa sanduku hilo, nusu iliyobaki nayo kwaheri. Nikachomoa waya mtini taratibu, nikajitwika sanduku na ngata yangu, linagongagonga ndani tk, tk, mimi huyo! Nikalipeleka upande wa pili wa njia, mbali na karanga, chini ya mti alipotundika mume wangu mzinga wa nyuki. Nikarusha jiwe mara moja tu, waya ukapita juu ya kamba ya mzinga. Nikajificha vichakani, nimeuma khanga nisicheke.

Wakaja. Masikio yamezibwa na vikombe, watausikiaje uvumi wa nyuki? Wa kwanza alikuwa nani? Mkubwa mwenyewe! Kaukamata waya, kauvuta kwa mikono miwili.

Mwanangu! Mzinga ulipiga shina puu! Nyuki wakamwagika kama moshi. Kofia kule, vitanzi kule, bwana anajipiga makofi mwenyewe safari hii. Wamekimbilia garini wamepandana kama mbuzi wa mnada.

Baadaye nikatokea njiani na kibuyu changu cha maji, kama mtu anayepita zake. Mkubwa yuko dirishani, uso umejaa, jicho moja halionekani.

"Mama, saidia. Uso yangu!"

Nikampa maji, sikumnyima. Kisha nikamwambia kwa adabu kabisa, "Pole, bwana. Uso taota tena."

Hawakurudi tena upande wetu. Karanga zilizobaki nilivuna, mbegu ya mama ikabaki, na ninayo mpaka leo. Kitanzi kimoja walikiacha, nikakifanya mdomo wa tenga la kuku. Kila nikifungia kuku nilikuwa nacheka.

Sasa mjukuu wangu wa kike, huyu anayekaa Kanyenye, Tabora mjini, anasomea mambo ya redio, juzi ananiambia eti yeye na wenzake nao wanacheza mchezo uleule.

Nikamuuliza, "Na mashamba ya watu?"

"Tunazunguka pembeni, Bibi."

"Na atakayekanyaga?"

Kacheka, kanishika mkono. "Akikanyaga mtu, Bibi, nakuahidi: nakuletea sanduku ulifiche wewe."