Mwenyekiti Asiyegawa Fomu

Kwa miaka kumi na tisa Arnfinn Skogvoll aliongoza tawi la chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda cha samaki, pwani ya Norwei. Alilipokea likiwa na wanachama themanini. Sasa walibaki kumi na mmoja, wote wenye mvi, na kila Ijumaa walijifungia kwenye chumba cha mapumziko, wakala keki za jemu na kulalamika kwamba Walithuania, wahamiaji waliojaa kiwandani, hawajiungi.

Hawajiungi! Nani aliwakaribisha? Arnfinn hakumpa hata mmoja wao fomu ya kujiunga. Alijiambia kwamba kumsumbua mtu akiwa mapumzikoni ni kukosa adabu. Uongo mtupu. Alikuwa na kinyongo nao: walikuja wakakubali ujira mdogo, na rafiki zake wakaondoka mmoja mmoja.

Jumatatu moja Rasa Vaitkutė, aliyepasua samaki kando yake miaka tisa, alimjia na barua mkononi. Bega lilikuwa limemharibikia kwa kazi, na sasa wanamfukuza kwa kuwa hana kasi.

"Arnfinn, twende wote kwa meneja saa nane. Si wewe ndiye mkubwa wa chama?"

"Rasa, wewe si mwanachama."

"Niandike basi, sasa hivi."

"Haisaidii. Chama hakibebi kesi iliyoanza kabla hujajiunga."

Rasa akaguna. "Mwaka wangu wa pili nilikuuliza Ijumaa mnafanya nini mle ndani. Unakumbuka ulivyonijibu? 'Tunakula tu.'"

Alikumbuka vizuri sana.

Saa nane akavua aproni na kumfuata Rasa ofisini kwa meneja.

"Chama kinamtetea?" aliuliza meneja, Kjellaug.

"Hapana. Nimekuja mwenyewe tu. Ila bega hilo limeumia humu humu, Kjellaug, na wewe unajua."

"Basi kaa, lakini usiingilie."

Akakaa, mikono mapajani, akimtazama Rasa akijitetea peke yake kwa Kinorwei safi kabisa. Dakika kumi zilitosha. Rasa akaitia sahihi barua ya kufukuzwa, akavaa koti.

Mlangoni Kjellaug alimshika Arnfinn mkono kwa uchangamfu wa majirani wa siku nyingi.

"Usijilaumu. Kusema kweli, angekuwa mwanachama wenu nisingethubutu kumfukuza."

Rasa alikuwa bado anafunga vifungo vya koti, hatua mbili kutoka kwao.