Kadi ya mtandao iliyotuchezesha Mlabani

Leo nimepigiwa vigelegele kwa sababu ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, jamani!

Bibi Anastazia katoka Lupiro asubuhi, kaja kwenye duka langu la intaneti na fotokopi hapa Mlabani amwone kwenye video mjukuu wake aliyezaliwa jana Mwanza.

Kompyuta ikagoma kushika mtandao.

Naandika amri huku naibembeleza: "Amka basi, amka!"

"Muache alale, mwanangu," bibi akasema. "Bado mchanga."

Nilicheka mpaka basi. 😂

Kumbe kwenye mipangilio nilikosea jina la kadi ya mtandao. Nikarekebisha, nikaiwasha upya. Taa ya kijani hiyo, mtandao umeshika!

Binti yake akatokea kwenye skrini, mtoto kifuani.

"Shikamoo mama. Tumemwita Anastazia."

Bibi akaanza kuimba Kipogoro. Wateja wakaacha fotokopi zao, wakanipigia vigelegele, wakacheza naye.

Mimi nafuta machozi kwa fulana. Nani mwingine kompyuta imewahi kumliza kwa furaha?