Maziwa ya Shangazi

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, niliazimwa. Shangazi yangu Mwanasha alikuwa ameolewa Mwabungo miaka sita bila kushika mimba, na kwetu mwanamke wa namna hiyo hupewa mtoto wa ndugu alale ubavuni mwake, ili amwite mwenziwe tumboni. Baba akanipeleka kwa mguu kutoka Msambweni, nguo zangu zimefungwa kwenye leso.

Mumewe, Ami Salimu, alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko Ramisi. Alirudi kila Alhamisi na kuondoka Jumamosi. Mama yake, Bi Riziki, hakumwita shangazi kwa jina. "Mgumba, niletee chumvi," alisema, hata wageni wakiwapo.

Kulikuwa na mkwezi, Juma, aliyetuangulia nazi. Siku alizokuja, shangazi alinituma kisimani hata kama mtungi ulikuwa umejaa. Sikuwaza lolote. Nilijua tu kwamba Juma akija, shangazi hucheka.

Akazaliwa mtoto wa kiume. Bi Riziki alipiga vigelegele, nami nikashonewa gauni kwa kazi yangu njema. Nilimbeba mgongoni kutwa.

Alipofika miezi mitano akaanza kuharisha. Akakonda hata ngozi ya mapaja ikalegea. Bi Riziki akasema ni chirwa, ugonjwa unaoaminika kumshika mtoto mchanga mzazi wake akitoka nje ya ndoa. Mganga naye akasema hivyo hivyo: dawa haitashika mpaka jina la mwanamume litajwe. Shangazi aliapa kwamba hajui lolote. Siku tatu aliapa, na siku tatu mtoto akazidi kukonda.

Siku ya nne Bi Riziki akaniita jikoni, akanikalisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akanipa kipande cha mkate wa sinia. Hakunitisha.

"Wampenda ndugu yako?"

"Nampenda."

"Basi mponye, mjukuu wangu. Nani huja hapa mwanangu akiwa Ramisi?"

Nikamtaja Juma. Nilidhani natoa dawa.

Mtoto akaoshwa kwa majani ya mganga. Kisha Bi Riziki akasema maziwa ya mama yake yameingia uchafu, asiyaonje tena, akaanza kumnywesha uji mwepesi wa muhogo. Ami Salimu alirudi Alhamisi, akatoa talaka kabla hajavua viatu. Asubuhi mimi na shangazi tukashika njia ya Msambweni. Mtoto alibaki.

Njia nzima maziwa yalimtoka shangazi, yakalowesha leso mpaka kiunoni. Hakunipiga wala hakunisema. Penye mchanga mzito alinishika mkono. Siku ya tisa tukaletewa habari kwamba mtoto amezikwa.

Ami Salimu alioa mara mbili tena. Hakuna mke aliyemzalia, wala sikusikia mtu akimwita yeye mgumba.

Sasa nina mtoto wangu wa miezi sita. Mwezi uliopita aliharisha, na mama mkwe akaanza kunitazama kwa jicho ninalolijua. Muuguzi wa zahanati aliniambia nisiache kumnyonyesha hata siku moja, kwa kuwa mtoto anayeharisha akinyimwa ziwa hukauka. Nililia pale pale kwenye benchi, na yule muuguzi hakujua ni kwa nini.

Shangazi alipokuja kutujulia hali, nilimwamkia shikamoo, nikamwekea mkeka. Kisha nikasema neno nililolificha tangu utotoni.

"Shangazi, ni mimi niliyemtaja."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa nyuma ya ukuta."

"Mbona hukunizuia?"

Alimchukua mtoto wangu, akampakata.

"Nami nilitaka apone," akasema.

Miaka yote nilidhani nilimsaliti. Kumbe sote watatu, hata Bi Riziki, tulikuwa tukimwokoa yule mtoto. Shangazi akanirudishia mwanangu mikononi nimnyonyeshe, akakaa karibu yangu mpaka mtoto aliposhiba.