Kitu Kilichofunikwa Shuka

Wanafunzi wa uhandisi walimwita mtunza stoo wao Mama Makufuli, na wala hakukasirika. Stoo ya karakana ya roboti ukimpa mtu wa kucheka na kila mtu, haimalizi wiki. Kwake, ukitaka spana unaacha kitambulisho. Anakitundika kwenye msumari ilipotoka spana, na hukipati mpaka urudishe. Hata maprofesa waliacha vyao, wakinung'unika.

Lakini muhula huu mota zilikuwa zinayeyuka, zile ndogo za kuzungushia mikono ya roboti, na kufuli halijaguswa. Mkuu wa idara alimwita ofisini. "Ikipotea nyingine, mama, itabidi tuagane," alisema bila kumtazama. Ufunguo wa pili alikuwa nao mkuu huyohuyo, ila nani angemshuku mkuu?

Basi akawageukia wanafunzi. Aliyecheka sana alimtilia shaka. Aliyenyamaza, ndiyo kabisa. Akagundua kwamba kikundi cha dirishani, kila akiingia, kinafunika mradi wao shuka haraka haraka, kama watoto waliovunja kikombe. Shuka lenyewe alilijua. Lilikuwa la kitanda cha mwanawe, na mwanawe alikuwa mmoja wao.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema kinaumaje kikiwa mtoto uliyemzaa. Mezani nyumbani akamchokonoa.

"Mradi wenu vipi, baba?"

"Unaenda tu, mama."

"Mbona mnaufunika? Una homa?"

Kijana alicheka kidogo, akaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Kesho yake mchana, wote walipokwenda kula, aliingia karakanani akalivuta lile shuka. Mota zake zote zilikuwa pale, zimefungwa kwenye mkono mrefu wa chuma. Akausogelea. Taa ikawaka, kile kitu kikamnyooshea kisahani, kikangoja. Hakuelewa kinataka nini. Akajaribu kuweka kitambulisho chake cha kazi. Mkono ukakichukua, ukakitundika kwenye msumari wa ukutani, ukamkabidhi spana.

Alipogeuka, mwanawe alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, hatukuiba," alisema, machozi yakimlenga. "Mota alitupa mkuu. Hata mada ni yake. Alisema usijue mpaka iishe, halafu hii ikabidhiwe stoo badala yako."

"Kumbe alinitisha kwa mota alizozichukua mwenyewe!"

Hasira ilimpanda. Chini ya hasira kulikuwa na nafuu, maana mwanawe hakuwa mwizi, na nafuu hiyo nayo ilimchoma. Alikitazama kitambulisho chake pale ukutani. Kilikuwa kimetundikwa jinsi yeye anavyovitundika, picha ikitazama nje, kona ya chini imenyooshwa kidogo.

"Nani aliifundisha hivi?" aliuliza.

Kijana aliinamisha kichwa.

"Wenzangu walikuwa hawajui unavyofanya, mama. Mimi nimekuona tangu nikiwa mdogo."