Timu ya Kuku

Mimi ni ndundu, yaani zeruzeru, na nilipokuwa na miaka kumi na minne nilicheza gofu vizuri kuliko wavulana wote wa Kisangani. Nasema hivyo bila haya. Uwanja wetu ulikuwa na mbuzi wengi kuliko wachezaji, fimbo tulipokezana, na bado hakuna aliyenifikia.

Tatizo lilikuwa jua. Lilikuwa linanila. Mwaka ule daktari alinikata kidonda juu ya sikio, kidonda kidogo kilichokuwa kimekataa kupona, akatuambia mimi na mama kwamba safari hii tumewahi. Kidonda cha namna ile kikiachwa huwa kansa ya ngozi. Kuanzia siku hiyo nivae mikono mirefu na kofia pana, nijipake mafuta ya kuzuia jua na kuyarudia kila jasho linapoyaondoa. La sivyo, gofu basi.

Mafuta yenyewe yalituletea kisa. Jirani mmoja aliyaona meupe usoni mwangu, akaenda kumnong'oneza mama kwamba nimeanza kujichubua. Mimi, nijichubue nini? Mama alicheka mpaka akaketi chini.

Kofia ndiyo haikunichekesha. Siku ya kwanza nilifika uwanjani na shati la papa, yaani baba yangu, lililonifunika mpaka vidole, na kofia ya bibi ya shambani. Wavulana wakaniuliza kama nakwenda kurina asali. Hasira zangu haziko mbali. Niliitupa ile kofia majanini nikaendelea kucheza kichwa wazi. Kocha akaja, akaichukua fimbo mkononi mwangu. Mashindano na watoto wa Lubumbashi yalikuwa yanakaribia, na alisema nitacheza nimejifunika au sitacheza kabisa. Nikamjibu kwamba basi sitacheza. Nikapanda toleka, zile baiskeli zetu za abiria, nikalia njia nzima, na yule mwendeshaji maskini akaniimbia nyimbo za kanisani mpaka mlangoni.

Tantine, dada yake papa, alikuwa anauza vitenge sokoni. Hakunibembeleza. Aliuliza tu timu ina watoto wangapi, akaondoka. Kwetu, iwe harusi au matanga, watu hushona kitenge kimoja, na anayekuja na chake peke yake ni kama amesema hayumo. Jumamosi iliyofuata tantine alinirudisha uwanjani, yeye na fundi wake, akaipanga timu nzima mstari, kocha akiwemo, tukapimwa: mikono mpaka kiganjani, kola za kufunika shingo, na kofia zenye ukingo mpana unaotia kivuli mpaka masikioni. Nilijaribu kununa. Tantine alinivuta pembeni.

"Uniforme, mutu hawezi kukatala," aliniambia. "Ukikatala, umekatala benzako, haiko miye."

Nikanyoosha mikono nipimwe.

Kitenge kilichopatikana cha kututosha wote kilikuwa cha kuku. Kuku wakubwa, wekundu, pamoja na mayai yao. Fundi alikuwa na haraka na hakuangalia nini kinaangukia wapi, kwa hiyo kocha alipata jicho la kuku kila upande wa kifua, na nahodha wetu akapata kuku anayetaga katikati ya mgongo.

Siku ya mashindano tuliingia kwa toleka, moja nyuma ya nyingine, kofia zikipepea. Wageni walikuwa wamevaa nyeupe, mikono mifupi, safi kabisa. Kwanza walitukodolea macho. Kisha mmoja wao akawika kama jogoo, nahodha wetu akamjibu kwa sauti kubwa zaidi, na mara uwanja mzima ukawa unawika, mpaka mbuzi wakakimbia. Nilitazama huku na huku kutafuta wanamcheka nani. Walikuwa wanatucheka sote. Hawakujua hata ndundu ni yupi mpaka nilipoinua uso. Nilifurahi, nami nikawika.

Ilikuwa tuanze asubuhi na mapema, lakini tulichelewa kuanza, na kwenye shimo la mwisho jua lilikuwa utosini. Nilihitaji kuutia mpira mmoja wa karibu ili tushinde. Ukingo wa kofia ulikuwa umelowa jasho ukaniangukia machoni. Nikausukuma kwa kidole, ukaanguka tena. Ningeweza kuivua kofia kwa ajili ya pigo hilo moja tu, na mkono wangu ulikuwa umeshaishika. Lakini najijua. Nikiivua, hairudi. Nikapiga huku naona nusu ya shimo.

Mpira ulipita kando, taratibu, kama mtu asiyetaka kusalimia. Tukashindwa. Nilikuwa tayari kulia, nahodha akatoa sauti ndogo ya kuku aliyekosa kutaga. Tukaanguka majanini kwa kicheko, sisi na wageni, na kabla hawajaondoka wawili kati yao walikuwa wamebadilishana kofia na wetu.

Jioni mama aliniletea beseni la maji baridi na kitambaa, kama alivyofanya baada ya kila mchezo, kwa sababu kila mchezo uliniacha na shingo na mabega ya moto, nikilala kifudifudi. Alinikuta nimelala chali, naimba. Akanigeuza, akapitisha vidole shingoni, nyuma ya masikio, mikononi.

"Haiko inauma?" aliuliza.

Nikamwambia haiumi popote. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Kisha akaniomba nguo yangu, na kwa maji yale akawafua kuku.